Shajara ya mradi: kutoka wodi ya wazazi Bukavu hadi kibali cha uuguzi Ujerumani

Januari 2022: mpango

Shajara hii ni ya wauguzi wenzangu wa A1 (wenye diploma ya miaka mitatu baada ya sekondari) walioko Bukavu, Uvira, Goma na kwingineko, wanaotaka kwenda kufanya kazi Ujerumani kwa njia ya halali na bila mtu wa kati. Kila hatua itakapokamilika nitaongeza sehemu yake. Hatua zisizo na matatizo nitazipitia haraka, na zile zenye vikwazo nitazieleza kwa urefu pamoja na gharama zake.

Nina diploma ya graduat ya sayansi ya uuguzi, ya miaka mitatu, na nimefanya kazi katika wodi ya wazazi na katika chumba cha dharura. Kifaransa ninakijua vizuri. Kijerumani sikijui kabisa. Kama wenzangu wengi sina namba ya matrikili, yaani namba ya mtumishi anayelipwa na serikali, kwa hiyo ninaishi kwa posho inayotoka kwenye mapato ya hospitali, na mwezi ambao wagonjwa hawalipi, sisi pia hatulipwi.

Kwa mtu wa Bukavu nchi inayokuja akilini kwanza ni Ubelgiji, na huko ndiko nilikoanza kuuliza. Niliachana nako kwa sababu ya saa. Mwongozo wa Umoja wa Ulaya namba 2005/36 unadai muuguzi awe amesoma kwa saa 4,600, nusu yake ikiwa ni mazoezi na wagonjwa, na ili kutimiza hilo Wabelgiji wanaosema Kifaransa wamerefusha mafunzo yao kuwa ya miaka minne tangu mwaka wa masomo 2016-2017. Mwenye graduat ya miaka mitatu huenda akaambiwa arudi darasani. Ujerumani nayo inadai saa 4,600, yaani 2,100 za darasani na 2,500 za mazoezi, lakini mgeni aliyepungukiwa anaruhusiwa kuchagua kati ya kufanya mtihani na kupitia kipindi cha kuzoezwa kazini, na katika kipindi hicho chote anaweza kuwa na ajira yenye mshahara. Anachodaiwa ni lugha, kiwango cha B2, ambacho ni cha nne kati ya sita vya Ulaya (A1, A2, B1, B2, C1, C2).

Kuhusu watu wa kati: hapa mjini wapo wanaodai kati ya dola 1,500 na 3,000 ili "wakutengenezee faili". Kongo imo katika orodha ya Shirika la Afya Duniani ya nchi zenye upungufu mkubwa wa wahudumu wa afya, na kwa sababu hiyo kanuni za ajira za Ujerumani haziruhusu kampuni binafsi kuja kutafuta wauguzi kwetu. Muuguzi anayeomba kazi kwa hiari yake hakatazwi. Kwa hiyo yule anayekuambia kwamba yeye ni wakala rasmi wa hospitali za Ujerumani, ama anavunja kanuni za huko ama anakudanganya, na katika hali zote mbili pesa zako hazitarudi. (Nyongeza ya 2023: orodha imetolewa upya, ina nchi 55, na Kongo bado imo.)

Ushauri wa bure upo. Kituo kiitwacho ZSBA, kilichoko Bonn na kilichoanza kazi 2020, kinajibu barua pepe za watu walioko nje ya Ujerumani wanaotaka taaluma zao zitambuliwe, na hakitozi chochote. Wao ndio walionieleza kwamba ombi hupelekwa kwa mamlaka ya jimbo unakokusudia kufanya kazi, na kwamba kila jimbo lina orodha yake ya hati.

Novemba 2022: lugha hadi B1, na pasipoti

Nilijifunza kwa mwalimu mmoja wa mjini na kwa kozi ya bure ya Deutsche Welle, ileile redio tunayoisikiliza kwa Kiswahili. Mwalimu pamoja na megabaiti za simu vimenigharimu dola 620 kufikia B1. Umeme ulikuwa tatizo la kila wiki, jambo la kushangaza kwa mji ulio mlangoni pa mabwawa ya Ruzizi, kwa hiyo nilikuwa nikipakua masomo usiku umeme unaporudi na kuyasikiliza mchana nikiwa njiani kwenda kazini.

Mtihani nilifanyia Taasisi ya Goethe ya Kigali, ambako unafika kwa basi kupitia msitu wa Nyungwe. Mtihani una sehemu nne, kusoma, kusikiliza, kuandika na kuzungumza, na kila sehemu inahitaji alama 60 kati ya 100. Ada, basi na malazi vilifika dola 230.

Pasipoti ililipiwa dola 99, bei rasmi ya mwaka 2022. Angalia sana majina kabla ya kutia saini fomu. Sisi Wakongo tuna jina, postinomu (jina la pili linalofuata lile la kwanza) na jina la ubatizo, lakini fomu za Wajerumani zina nafasi mbili tu, jina la ukoo na jina la kupewa. Katika pasipoti yangu postinomu imeunganishwa na jina la ukoo, wakati kwenye diploma iko peke yake, na kwenye cheti cha B1 haimo kabisa kwa sababu fomu ya mtihani haikuwa na mahali pa kuiweka. Kwa mtu aliyezoea ofisi zetu hili ni jambo dogo. Kwa ofisi ya Ujerumani hao ni watu watatu. Ukijiandikisha kwa jambo lolote, nakili majina herufi kwa herufi kama yalivyo katika pasipoti, hata kama yanaonekana kinyume.

Machi 2023: saa za masomo

Hii ndiyo hatua iliyokula muda mrefu kuliko zote, na kama ningekuwa naanza leo ningeianza kabla ya kujifunza neno la kwanza la Kijerumani.

Jimbo halitaki kujua ulipata alama ngapi. Linataka kujua ulisoma nini, kwa saa ngapi, na ulifanya mazoezi katika wodi gani, kwa saa ngapi. Karatasi ya alama niliyokuwa nayo ilionyesha masomo na alama juu ya 20, basi. Nilirudi chuoni kwa katibu wa masomo, mzee aliyetuandikisha wote.

"Mama, saa hizi zote unazitaka za nini? Diploma si unayo?"

"Papa, wale hawaamini diploma peke yake. Wanataka kuona ndani yake."

Saa za darasani zilipatikana bila shida kubwa, kwa sababu programu ya taifa ya uuguzi inaonyesha saa za nadharia na za vitendo za kila somo, na chuo kilikuwa na nakala ya ile iliyotumika wakati wetu. Kwa upande wa mazoezi hali ilikuwa nyingine. Katibu alinitolea daftari kubwa lenye jalada la kitambaa, limeandikwa kwa mkono, lina safu za jina, wodi, tarehe ya kuingia, tarehe ya kutoka na saini ya mkuu wa wodi. Safu ya saa haikuwepo. Mstari wangu wa magonjwa ya watoto ulikuwa na tarehe ya kuingia lakini tarehe ya kutoka haikuandikwa, na wa afya ya akili ulikuwa umefutwa na kuandikwa upya kwa kalamu nyingine.

Mkuu wa chuo alikataa kutia saini hesabu niliyoipanga mwenyewe, akisema chuo hakiwezi kuthibitisha saa ambazo hakikuzihesabu wakati ule. Nilikasirika, lakini alikuwa na haki. Suluhisho lilitoka kwa katibu, aliyekumbuka kwamba kila mwaka chuo kilitoa kanuni za staji, yaani za mazoezi ya wodini, na katika kanuni za miaka yetu imeandikwa kwamba mwanafunzi yuko wodini saa sita kwa siku, siku tano kwa wiki, mbali na zamu za usiku. Tarehe za daftari zikizidishwa kwa kanuni hiyo zinatoa saa ambazo chuo kinaweza kuzitetea. Pale ambapo tarehe ya kutoka ilikosekana, tulitumia daftari langu dogo la staji, ambalo mkuu wa wodi alikuwa amelitia saini na muhuri. Wenye madaftari hayo wasiyatupe, na walioyapoteza waende wodini wakaulize kama rejista ya wanafunzi bado ipo.

Hati iliyotoka mwishoni ina kurasa nne: masomo na saa zake, wodi na saa zake, jumla, muhuri, saini, na kanuni za staji zikiambatishwa. Ada halali za chuo, ambazo nilipewa risiti yake, zilikuwa dola 85.

Mambo mengine matatu ya hatua hii. Kwanza, ofisi ya komini (serikali ya mtaa) itakupa hati ya kuzaliwa ndani ya saa moja, lakini hiyo si cheti cha kuzaliwa. Kwa sisi ambao wazazi hawakututangaza ndani ya muda unaotakiwa na sheria, inabidi kupata hukumu ya mahakama inayochukua nafasi ya cheti, na ndipo komini iandike cheti chenyewe. Nililipa dola 120. Katika hukumu hiyohiyo niliomba mahakama itamke kwamba majina yaliyo katika diploma na yaliyo katika pasipoti ni ya mtu mmoja, na sentensi hiyo moja imeniokoa baadaye. Pili, wenye hati ya muda ya kufaulu waanze leo kudai diploma yenyewe, kwa kuwa inaweza kuchukua miaka. Tatu, Ordre ya Wauguzi, chama cha kisheria cha taaluma yetu kilichoundwa kwa sheria ya mwaka 2016, inatoa hati kwamba umeandikishwa na hujafungiwa kazi. Majimbo mengi yanaiomba.

Julai 2023: nakala, tafsiri na mwajiri

Nakala zilizogongwa muhuri na komini zilirudishwa. Jimbo lilitaka nakala zilizothibitishwa na ubalozi wa Ujerumani, ulioko Kinshasa. Habari njema ni kwamba si lazima uende mwenyewe, mradi hati asilia ziwepo: zangu zilisafiri na binamu yangu aliyekuwa akienda Kinshasa kwa biashara zake, zikarudi naye. Uthibitisho pamoja na shukrani yake, dola 170. Nakala za komini zilikuwa zimenila dola 25 bure.

Tusichanganye nakala na uhalalishaji, yaani kuthibitisha kwamba hati yenyewe ni ya kweli. Kuna watu mjini wanaouza "apostili", muhuri wa kimataifa wa kuthibitisha hati, na Kongo si mwanachama wa mkataba wa apostili, kwa hiyo hicho wanachouza hakipo. Ubalozi wa Ujerumani nao umesimamisha uhalalishaji wa hati za Kongo. Badala yake, ofisi ya Ujerumani ikiwa na shaka inaweza kuagiza hati ichunguzwe hapahapa nchini, na mwombaji ndiye anayelipa uchunguzi huo. Hili ndilo linalofanya saini na mihuri ya chuo iwe muhimu, kwa maana anayekuja kuchunguza ataliomba daftari lilelile la jalada la kitambaa.

Tafsiri nayo ilikwama. Mtafsiri wa mjini alinitoza dola 180 na kazi yake haikuwa mbaya, lakini jimbo linakubali tu tafsiri ya mtu aliyeapishwa na mahakama ya Ujerumani. Orodha yao iko wazi kwenye tovuti ya idara za mahakama za majimbo. Nilimwandikia mmoja anayetafsiri kutoka Kifaransa, nikamtumia hati zilizopigwa skana, akafanya kazi yote kwa euro 540. Hoja ambayo hakuna aliyeniambia: mpelekee hati zote kwa pamoja, na tu baada ya kuhakikisha kwamba hakuna hata moja itakayobadilika, kwa sababu herufi moja ikisahihishwa katika hati ya asili, tafsiri yake inakufa.

Mwajiri nilimpata kwa kutuma maombi mwenyewe. Hospitali kubwa hazikujibu. Nyumba za kutunzia wazee zilijibu, na moja, katika mji mdogo wa magharibi mwa Ujerumani, ilinihoji kwa video, ikanipa barua ya ahadi ya ajira. Barua hiyo ndiyo iliyoonyesha jimbo kwamba nina nia ya kweli ya kufanya kazi kwao. Ada ya ombi la utambuzi, euro 300.

Novemba 2023: barua ya mapungufu

Jibu limekuja, na si kukataliwa, ingawa mara ya kwanza nililisoma hivyo. Barua inalinganisha mafunzo yangu na yao, uwanja kwa uwanja. Katika upasuaji, magonjwa ya ndani, watoto na uzazi sikupungukiwa kitu. Mapungufu ni matatu: utunzaji wa wazee, afya ya akili, na utunzaji wa wagonjwa nyumbani kwao. Mazoezi ya afya ya akili niliyafanya, lakini ule mstari uliofutwa haukuhesabiwa.

Barua inatoa chaguo mbili. Ya kwanza inaitwa Anpassungslehrgang, kipindi cha kuzoezwa ambacho urefu wake unategemea mapungufu yako. Ya pili ni Kenntnisprüfung, mtihani wa mdomo na wa vitendo. Nimechagua mtihani. Kipindi cha kuzoezwa hakina hatari ya kufeli kwa alama, lakini kinategemea mwajiri kuwa na nafasi katika kila uwanja uliopungua, na nyumba yangu ya wazee haina wodi ya afya ya akili.

Kwa wanaoanza sasa: kuanzia 1 Januari 2024 sheria yao inamruhusu mwombaji kuuacha ulinganisho huu na kwenda moja kwa moja kwenye mtihani au kipindi cha kuzoezwa. Diploma, cheti cha kuzaliwa na tafsiri bado vinahitajika. Hata hivyo mwenye rejista ya staji iliyopotea asidhani mlango umefungwa.

Februari 2024: B2

Masomo ya kutoka B1 kufikia B2 yamegharimu dola 350, na mtihani pamoja na safari dola 290. Kusoma, kuandika na kuzungumza nilipita. Kusikiliza nilipata 53.

Mtihani wa B2 wa Goethe unaruhusu kurudia sehemu moja peke yake, na vyeti vya sehemu zote vikikusanywa vina thamani sawa na cheti kimoja. Kwa hiyo nililipia kusikiliza tu, dola 130 pamoja na nauli, nikapita. Kilichosaidia ni kuacha rekodi za vitabu vya mazoezi, ambamo watu wanaongea kama wasomaji wa habari, na kusikiliza mahojiano ya redio ambamo wanakatizana, wanasitasita na kumeza mwisho wa maneno. Rekodi ya mtihani, katika baadhi ya vipande, inasikika mara moja tu, na anayebaki nyuma kutafuta maana ya neno moja hupoteza maswali mawili yanayofuata.

Mei 2024: viza

Ombi hupelekwa kwenye ubalozi wa nchi unakoishi, kwa hiyo Kigali haiwezekani kwa Mkongo mwenye makazi Bukavu, hata kama ni jirani. Ndege ya kwenda Kinshasa na kurudi, pamoja na siku za kukaa huko, dola 760. Ada ya viza, euro 75.

Viza ya kumalizia utambuzi wa taaluma imo katika kifungu cha 16d cha sheria yao ya ukaazi, na kibali chake kinaweza kutolewa hadi miezi 24. Nilibeba barua ya mapungufu, mkataba wa ajira kama msaidizi wa uuguzi, barua ya chuo kitakachonitayarisha kwa mtihani, vyeti vya lugha, uthibitisho wa malazi na cheti cha kuzaliwa pamoja na hukumu yake. Afisa alisimama kwenye majina, kama nilivyotazamia. Nilimwonyesha sentensi ya mahakama, akaisoma hadi mwisho, akapiga nakala na kuendelea. Mwenzangu tuliyekutana kwenye foleni, mwenye tatizo lilelile na bila hukumu, alirudishwa kuitafuta.

Kuna njia nyingine ya haraka ambayo mwajiri anaianzisha huko Ujerumani kwa ada ya euro 411. Wangu hakutaka. Mwulizeni wa kwenu mapema.

Agosti 2024: miezi ya kwanza kazini

Tiketi nilijilipia, dola 890. Kwenye mkataba mimi ni msaidizi. Katika nyumba za wazee kima cha chini cha mshahara kwa msaidizi asiye na mafunzo yanayotambuliwa, kuanzia 1 Mei 2024, kilikuwa euro 15.50 kwa saa, na kwa muuguzi kamili euro 19.50, kabla ya kodi na bima. Usipange maisha yako, wala ahadi zako kwa familia, kwa ile namba ya pili kabla hujaifikia.

Kilichonichelewesha kuanza ni surua. Tangu Machi 2020 kila anayefanya kazi katika huduma za afya huko, akiwa amezaliwa baada ya 1970, lazima athibitishe kwamba amekingwa, na kadi yangu ya chanjo ya utotoni haipo. Kipimo cha damu cha kuonyesha kinga kilimaliza suala hilo, lakini kingeweza kufanywa Bukavu kabla ya safari.

Sasa kuhusu kazi yenyewe, maana hapa ndipo wenzangu wengi watakapoumia wasipojiandaa. Kwetu, mlinzi wa mgonjwa, yaani ndugu anayekaa naye hospitalini, ndiye anayemwogesha, anayemlisha na kumgeuza. Muuguzi anaweka dripu, anachoma sindano, anashona jeraha, anazalisha, na katika kituo cha afya cha kijijini anaandika na dawa. Hapa mlinzi wa mgonjwa hayupo. Kuogesha, kulisha na kugeuza ndio moyo wa uuguzi, na mambo mengi niliyoyafanya Bukavu kwa miaka hapa ni ya daktari. Nimesikia Waafrika wenzetu wakilalamika kwamba wamefanywa wayaya. Ninaelewa, lakini sikubaliani nao. Mzee asiyegeuzwa anapata vidonda vya kulalia, na anayemgeuza ndiye anayeiona ngozi ya nyonga ikianza kuwa nyekundu kabla ya mtu mwingine yeyote. Kwetu jambo hilo tuliliachia ndugu wa mgonjwa ambaye hakuna aliyemfundisha.

Novemba 2024: Kenntnisprüfung

Mtihani una sehemu mbili, na kila moja inaweza kurudiwa mara moja tu. Mwajiri alilipia kozi ya matayarisho, iliyokuwa ya jioni.

Sehemu ya mdomo, ambayo ni kati ya dakika 45 na 60, haikunipa shida kubwa: walinipa kisa cha mgonjwa wa kisukari mwenye kidonda cha mguu, wakataka mpango wa utunzaji na sababu za kila hatua. Sehemu ya vitendo ndiyo ya kuieleza. Siku moja kabla nilipewa watu wawili wa kuwatunza, nikaandika mpango wao. Asubuhi yake wasimamizi wawili walisimama karibu na ukuta na karatasi zao, wakanitazama nikifanya kazi.

Wa kwanza alikuwa mzee aliyepooza upande wa kushoto baada ya kiharusi. Nilibisha hodi, nikangoja anijibu, nikamweleza ninachokuja kufanya na kumwuliza kama yuko tayari. Nilimpa maji ayaguse kwa mkono wa kulia na kusema kama joto linatosha. Uso na kifua alijiosha mwenyewe, polepole mno, nami nikasimama na taulo bila kumsaidia. Kwa mtu aliyetoka wodi yenye wagonjwa wengi na muuguzi mmoja, kusimama hivyo kunauma mikono. Shati lilianza na mkono uliopooza, kwa kuwa ule mzima unaweza kupinda kuufuata. Wakati wa kuvua ni kinyume chake. Katikati msimamizi mmoja aliniuliza kwa nini simalizii mwenyewe, itakuwa haraka. Nikajibu kwamba anachoweza kukifanya leo, nikimfanyia mimi, baada ya mwezi hataweza tena. Aliandika kitu.

Mwenzangu wa kozi, muuguzi hodari kutoka Kameruni mwenye uzoefu kunishinda, alifeli sehemu hii. Alimwogesha mgonjwa wake vizuri na haraka, akambadilisha nguo, akamkalisha, na mgonjwa hakuinua hata kidole. Anarudia mwakani, na safari hii tunafanya mazoezi pamoja, mimi nikiwa mgonjwa.

Jambo jingine wanalolipima ni makabidhiano ya zamu: dakika chache za kumweleza mwenzako hali ya mgonjwa kwa mpangilio, kwa Kijerumani cha mdomo, bila kusoma. Nilijifunza kwa kujirekodi kwenye simu kila jioni.

Desemba 2024: kibali, hesabu, na kilichobaki

Baada ya matokeo jimbo lilidai cheti cha daktari na hati ya Ujerumani ya kutokuwa na makosa ya jinai, kisha likatoa kibali cha kutumia jina la Pflegefachfrau, yaani muuguzi kamili. Majina yaliyoandikwa humo ni ya pasipoti, herufi kwa herufi.

Tangu somo la kwanza la Kijerumani hadi tiketi ya ndege nimetumia karibu dola 4,950, euro zikiwa zimebadilishwa. Kati ya hizo, dola 335 zilikwenda kwa nakala za komini, tafsiri ya mjini na kurudia kusikiliza. Tafsiri ya mtu aliyeapishwa, safari ya Kinshasa na tiketi, vitu vitatu tu, vimechukua kiasi kinachokaribia nusu ya jumla. Sikuhesabu mishahara niliyoikosa kwa kuomba ruhusa kazini.

Kinachofuata ni kubadilisha kibali cha ukaazi kutoka cha kumalizia utambuzi kwenda cha mfanyakazi mwenye taaluma, ambacho ofisi ya wageni ya mji imenipangia miadi ya Januari, na mkataba mpya wa mshahara wa muuguzi, ambao mwajiri ameshautia saini. Nakala ya ile hati ya kurasa nne ya saa za staji, pamoja na kanuni zilizoambatishwa, nimeiacha kwa katibu wa chuo. Wahitimu wa miaka yetu wakaiombe kwake, wabadilishe tarehe kwa kufuata mistari yao katika daftari, na wasisahau risiti.